Jasho la Mwenzio: Karne Mbili za Visingizio

Hakuna mnyonyaji aliyewahi kujiita mnyonyaji. Mwenye shamba la karafuu Unguja alijiona mlezi wa watumwa wake, gavana wa Kijerumani alijiona mwalimu wa kazi, na tajiri wa leo hujiona mfadhili anayegawa ajira. Historia ya Afrika Mashariki katika karne mbili zilizopita imejaa visingizio vya namna hiyo, na vyote huangukia palepale: aliyevitunga asingekubali kutendewa vivyo hivyo. Wahenga walikwisha kusema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Tuanze na karafuu. Sultani Seyyid Said wa Omani alipohamisha makao yake kutoka Maskati hadi Unguja, mnamo 1840, mikarafuu ilikuwa imeshaanza kuenea. Mashamba yalitaka mikono, na mikono ikaletwa kwa nguvu kutoka pande za Ziwa Nyasa, kwa miguu hadi Kilwa, kisha kwa majahazi. Wenye mashamba walikuwa na utetezi wao: mtumwa amepewa mahali pa kujenga kibanda na kulima muhogo, na kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa ni siku zake. Lakini anayekugawia siku mbili kati ya saba amekwisha kukuibia tano. Siku za mtu ndiyo maisha yake, na hakuna binadamu mwenye mamlaka ya kumpimia mwenzake. Watumwa walilijua hilo bila kufundishwa, ndiyo maana watoro wa mashamba ya pwani ya bara walikimbilia misitu ya nyuma ya Malindi na himaya ya Witu, wakajenga vijiji vyao.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, biashara ya watumwa baharini ikapigwa marufuku na soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, likafungwa. Utumwa wenyewe ulibaki hadi tangazo la Aprili 1897, nalo lilikuwa na mizani ya ajabu. Mtumwa ndiye aliyetakiwa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake. Bwana alilipwa fidia kwa kumpoteza. Aliyefanya kazi bure miaka yote hiyo hakulipwa kitu. Tena akishapata uhuru, ilimpasa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya tangazo hilo hadi 1909. Sheria ilikiri kwamba kummiliki mtu ni kosa, halafu ikamfidia mkosaji.

Bara nako Wajerumani walikuja na kisingizio kipya: Mwafrika ni mvivu, afundishwe kazi. Kwanza kodi ya kibanda, kisha, tangu 1902, mashamba ya pamoja ya pamba. Wanakijiji walitolewa kwenye mashamba yao wenyewe wakalime pamba chini ya jumbe na akida, kwa malipo duni kiasi kwamba wengine walikataa kuyapokea. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mazao, huanzia 75,000 na kufika 300,000. Mvivu hang'oi pamba ili akalime mtama wake.

Nchini Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, yaani kitambulisho cha kazi, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Katika kipande hicho mwajiri aliandika mshahara wa mfanyakazi na tarehe ya kumruhusu aondoke. Aliyeondoka bila ruhusa alikuwa mhalifu. Kwa jina alikuwa kibarua huru, lakini hiari ya mtu asiyeweza kukataa si hiari.

Wala hatuwezi kusema watu hawakujua. Mafundisho ya Kiislamu yanataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Waraka wa Yakobo unawalaani matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji wao. Hata hivyo waumini wa dini zote mbili walishika mjeledi. Elimu ilikuwepo, faida ndiyo iliyoziba masikio.

Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilijaribu kuzuia unyonyaji kuanzia juu. Kiongozi wa TANU, chama tawala, hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha wala hisa katika kampuni. Lakini miaka michache baadaye serikali ya chama hichohicho iliwahamisha mamilioni ya wakulima kwenda vijiji vya ujamaa, wengi wao kwa nguvu na baadhi wakichomewa nyumba. Nia ya kuwaletea watu maendeleo haimpi mtu ruhusa ya kuwaswaga.

Leo binti kutoka Kampala, Mombasa au Tanga huenda kufanya kazi za ndani Ghuba, na wapo ambao pasipoti zao hushikwa na mwajiri. Tunakasirika, na ni haki yetu. Lakini kabla ya kuinyooshea kidole Riyadh, tuangalie jikoni kwetu. Dada anayeamka kabla yetu na kulala baada yetu ana mkataba? Ana siku ya mapumziko? Mshahara wake ungekubali alipwe mwanao? Kama jibu ni hapana, rekebisha mwezi huu, na usitafute kisingizio.