Viungo vya Wazee na Dawa Zake za Zamani

Sisi sote twawajua wazee wanaoamka asubuhi na viungo vikavu. Magoti hayakunjiki upesi, vidole havishiki jembe sawasawa, na mgongo wauma mpaka jua lipande. Kanisani wapiga goti kwa taabu, na wakitaka kuinuka ni lazima washike benchi. Hapo twasikia wengine wakisema: «Ugonjwa huu umeletwa na maisha ya siku hizi.» Na watoto wenye huruma huwaambia wazazi wao: «Baba, wewe kaa tu, usifanye kitu.» Tuyatazame mambo ya zamani, tupate kuona kama maneno hayo mawili ni kweli.

Mwezi wa Agosti 1908, mapadri watatu wa Ufaransa walikuwa wakichimba katika pango dogo huko La Chapelle-aux-Saints. Wawili, Amédée na Jean Bouyssonie, walikuwa ndugu. Wa tatu aliitwa Louis Bardon. Katika shimo lililofanana na kaburi waliona mifupa ya mtu wa kale sana, wa kabila la watu waitwao Neandertal, waliokwisha toweka duniani. Mtu huyo aliishi yapata miaka 50,000 iliyopita, au zaidi.

Mifupa ilipelekwa Paris kwa mtaalamu Marcellin Boule. Yeye aliandika kwamba mtu huyo alitembea ameinama, magoti yamekunjwa na kichwa kimetangulia mbele. Tangu hapo picha ya mtu nusu mnyama ilienea katika vitabu vingi. Lakini mwaka 1957 wataalamu wawili, Straus na Cave, waliichunguza mifupa upya. Waliona uti wa mgongo umeharibiwa vibaya na ugonjwa wa viungo, wakafundisha kwamba watu wazima wa kabila lile walisimama wima kama sisi. Mwaka 2019 wengine walithibitisha kwamba hata yeye alisimama wima. Basi, hakuwa mnyama. Alikuwa mzee mgonjwa.

Ugonjwa huu, kwa hiyo, ni wa kale kuliko miji na viwanda. Tena mtu huyo alikuwa amepoteza meno mengi, na nyonga yake ilikuwa mbovu. Wataalamu wengi wafikiri kwamba asingaliishi muda ule bila msaada wa wenzake. Pengine msaada huo ndio dawa ya kwanza ya viungo.

Dawa ya pili ya zamani ni joto. Warumi walijenga nyumba za kuogea palipotoka maji ya moto ardhini. Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki aliyekufa mwaka 814, alipenda sana maji ya namna hiyo huko Aachen, akajenga ikulu yake papo hapo. Einhard, aliyeandika habari za maisha yake, asema kwamba aliogelea vizuri kuliko watu wote, na mara nyingine watu 100 au zaidi waliingia majini pamoja naye. Katika uzee wake alichechemea mguu mmoja. Waganga walimwomba aache nyama ya kuchoma. Naye aliwachukia kwa shauri hilo! Wafalme nao ni wagonjwa wakaidi.

Dawa ya tatu ni gamba la mti. Twajua gamba la mti wa kinini, unaopandwa hata katika Kivu yetu. Wajesuiti walilipeleka Ulaya kutoka Peru katika karne ya 17, likaponya homa. Lakini bei yake ilikuwa kubwa. Basi Edward Stone, padri wa Kianglikana huko Uingereza, alionja gamba la mwerebi, mti uotao kandokando ya maji, akaona ni chungu kama lile la kinini. Alilikausha juu ya tanuri ya mwoka mikate zaidi ya miezi mitatu, akalisaga, akawapa watu wapatao 50 wenye homa. Habari hiyo aliiandikia jamii ya wataalamu wa London mwaka 1763.

Mwaka 1828 Johann Buchner wa Munich alitoa katika gamba hilo dawa yenyewe, iitwayo salisini. Mwaka 1876 daktari Thomas MacLagan wa Scotland alitangaza kwamba amewapa salisini wagonjwa wa homa ya baridi yabisi, na maumivu ya viungo yakapungua. Kisha mwaka 1897 Felix Hoffmann, katika kiwanda cha Bayer, alitengeneza aspirini safi, dawa ya ukoo huo huo.

Lakini tuangalie! Dawa hizo zapunguza maumivu, hazirudishi kiungo kilichochakaa. Tena aspirini na ndugu zake zaweza kutoboa tumbo na kutoa damu, hasa kwa wazee. Gamba la mti nalo, kwa kuwa limetoka porini, si salama kwa sababu hiyo tu. Mzee anunuaye vidonge sokoni kila juma bila kumwuliza mganga ajitafutia hatari.

Na lile shauri la kukaa tu? Hapo elimu ya leo yatusaidia. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kisicho na mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika majimaji ya kiungo. Tutembeapo, gegedu hubanwa na kuachiliwa kama sifongo, na majimaji hupita. Tena mwendo hutia nguvu nyama za paja zinazolishika goti. Ndiyo maana shauri la waganga wa Uingereza lililotolewa mwaka 2022 laweka mazoezi mbele ya vidonge, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyenenepa.

Basi, watoto wenye huruma wamekosea njia. Asubuhi mpatie mzee maji ya moto na kitambaa, akande magoti. Kisha usimwambie akae. Mwambie: «Twende, baba,» ukamshike mkono mpaka kanisani au shambani. Maumivu kidogo mwanzoni si ajabu. Aanze na hatua chache, kesho aongeze. Pole pole ndiyo mwendo. Lakini kiungo kikivimba ghafula, kikawa chekundu na cha moto, au homa ikimshika, mpelekeni dispanseri siku ile ile.

Yule mzee wa pangoni hakuwa na aspirini wala maji ya Aachen. Alikuwa na watu. Wazee wetu nao wasikose watu wa kutembea nao.