Maadili ya kutumia silaha za nyuklia vitani

Silaha za nyuklia zimetumika vitani mara mbili tu. Agosti 6, 1945 Marekani iliangusha bomu la urani juu ya Hiroshima, na Agosti 9 likafuata la plutoni juu ya Nagasaki. Mjadala wa uhalali wake kimaadili hauna budi kuanzia katika miji hiyo, kwa kuwa mengine yote yanayosemwa kuhusu vita vya nyuklia ni makisio.

Bomu la Hiroshima lililipuka saa mbili na robo asubuhi, kiasi cha mita 600 juu ya katikati ya mji. Maelfu ya wanafunzi walikuwa nje wakibomoa nyumba ili kufungua njia za kuzuia moto wa mashambulizi ya anga. Kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki, wengine kwa mlipuko na moto, wengine kwa mionzi iliyowaua majuma kadhaa baadaye. Miongoni mwao walikuwamo maelfu ya Wakorea, watu wa koloni la Japani. Sehemu kubwa ya urani ya mpango wa Marekani wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ambako Wakongo waliichimba chini ya utawala wa Ubelgiji huku matumizi yake yakiwa siri. Hawa nao wanastahili kutajwa, ingawa vitabu vingi huwasahau.

Hoja maarufu zaidi ya utetezi ilitolewa na Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, katika makala ya 1947. Alidai kwamba kuivamia Japani kungeweza kuyagharimu majeshi ya Marekani peke yake watu zaidi ya milioni moja, waliouawa na waliojeruhiwa. Hoja hiyo si ya kubezwa. Mapigano ya kisiwani Okinawa yalikuwa yameonyesha jinsi askari na raia wangeangamia, na kila siku vita vilipoendelea watu wa China na nchi nyingine za Asia walizidi kufa mikononi mwa jeshi la Japani. Anayelaani bomu bila kuwakumbuka hao hajatenda haki.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba palikuwa na njia mbili tu, bomu au uvamizi. Haikuwa hivyo. Juni 1945 kamati ya wanasayansi iliyoongozwa na James Franck ilipendekeza bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu. Stimson mwenyewe alishauri Japani idokezwe kwamba ufalme wake ungeweza kubaki. Tamko la Potsdam la Julai 26, lililoitaka Japani isalimu amri, halikusema neno juu ya hilo, na baada ya vita Mfalme Hirohito aliachwa katika kiti chake. Kuhusu Nagasaki utetezi ni dhaifu zaidi. Siku tatu zilikuwa zimepita tu, Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umetangaza vita dhidi ya Japani usiku wa kuamkia shambulio hilo, na mji wenyewe ulipigwa kwa sababu Kokura, uliokusudiwa kwanza, haukuonekana vizuri kutoka angani.

Hata kama hesabu ya Stimson ingekuwa sahihi, lingebaki swali zito zaidi. Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, aliyepinga Chuo Kikuu cha Oxford kumpa Truman, aliyekuwa Rais wa Marekani mabomu yalipoangushwa, shahada ya heshima mwaka 1956, alishikilia kwamba kuwaua wasio na hatia kwa makusudi, ili kifo chao kiwe njia ya kufikia lengo, ni mauaji ya kukusudia hata lengo likiwa jema. Raia anayekufa jirani na kiwanda cha silaha kilichopigwa yuko katika hukumu nyingine na raia ambaye kifo chake ndicho kilichotakiwa kuitia hofu serikali yake. Hiroshima palikuwa na makao makuu ya jeshi, ni kweli, lakini shabaha ya bomu ilikuwa daraja la Aioi, katikati ya mji. Hapo ndipo utetezi wa bomu unapovunjika.

Sheria imefuata nyuma kwa kusitasita. Mwaka 1963 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua kwamba mashambulizi yale yalivunja sheria ya kimataifa. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kwa jumla silaha hizi zinapingana na sheria za vita, ila haikuweza kukata shauri kuhusu nchi inayojihami huku uhai wake ukiwa hatarini. Kura zilikuwa saba kwa saba, ikaamuliwa kwa kura ya uamuzi ya rais wake, Mohammed Bedjaoui wa Algeria. Abdul Koroma wa Sierra Leone na Christopher Weeramantry wa Sri Lanka walikataa mwanya huo, na walikuwa na haki: kila taifa lililo vitani huamini kwamba uhai wake uko hatarini. Wanaotetea mabomu madogo nao hawakuieleza mahakama ni katika hali gani hasa yangetumika bila kuwadhuru raia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia ulianza kutumika Januari 22, 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikotoka urani ile, iliuridhia mwaka 2022. Kati ya nchi tisa zenye silaha hizo, hakuna hata moja iliyojiunga.