Mimea bandia ya mapambo: yanayompasa kujua mchuuzi na msafirishaji wa Busia na Tororo

Mimea bandia ni maua, majani na miti midogo iliyotengenezwa kwa plastiki, kitambaa, karatasi au nyuzi ili ifanane na ile ya shambani. Katika nyumba nyingi za Busia na Tororo huwekwa sebuleni: chungu kando ya televisheni, shada juu ya meza, au majani yanayoning'inia karibu na pazia. Haihitaji maji, hainyauki mwenye nyumba akisafiri, na humfaa mpangaji ambaye chumba chake hakina mwanga wa kutosha kuotesha ua halisi.

Sehemu kubwa ya mimea hii hutengenezwa China na kushushwa katika bandari ya Mombasa. Hapo ndipo baadhi ya wachuuzi wadogo hukosea: hudhani kwamba kilichonunuliwa Kenya ni bidhaa ya Kenya.

Uasili, si mahali pa kununulia

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa wafanyabiashara wadogo. Hutolewa mpakani kwa mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, nacho humwondolea mwenye mzigo ushuru wa forodha. Lakini ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Maua ya plastiki kutoka China hayapati cheti hicho, hata yawe machache na hata mchuuzi awe na risiti ya duka la Nairobi au Kisumu.

Mambo huwa tofauti kwa maua yaliyofumwa na mafundi wa hapa kwa nyuzi za migomba au makuti. Hayo ni mali ya Afrika Mashariki na yanaweza kuombewa cheti cha uasili. Mchuuzi mwenye mchanganyiko wa aina hizi mbili ayatenge na kuyaandika mbalimbali.

Katika orodha ya forodha, maua na majani bandia yamo chini ya namba 6702. Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka 2005, bidhaa zilizokamilika kutoka nje ya Jumuiya zimekuwa zikitozwa kwa kawaida asilimia 25. Kuanzia 1 Julai 2022 liliongezwa kundi la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa. Ni vyema kumuuliza wakala wa forodha kiwango kinachotumika kabla ya kununua.

Tuseme mzigo unaoingia Uganda una thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000 na kiwango ni asilimia 25. Ushuru utakuwa shilingi 250,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni asilimia 18, huhesabiwa juu ya jumla ya 1,250,000, yaani shilingi 225,000. Hivyo mchuuzi atalipa 475,000 kabla ya ada nyingine. Asiyeiweka hesabu hii katika bei yake hugundua hasara akiwa ameshafika mpakani.

Njia ya kuvukia

Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Anayetoka Kenya husimama mara moja tu, upande wa Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili hukaa pamoja. Anayerudi husimama upande wa Kenya. Mzigo wa Tororo waweza pia kupita Malaba, mpaka ulio karibu zaidi na mji huo.

Neno bodaboda lilizaliwa Busia miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Hata leo furushi la maua ni jepesi kubebwa na pikipiki, na vishawishi vya njia za panya havikosekani. Msafirishaji akumbuke kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo wa magendo pamoja na chombo kilichoubeba. Nauli ya safari moja haitoshi kununua pikipiki nyingine.

Upakiaji

Mzigo huu hujaza gari kabla ya kufikia uzito wake, hivyo nauli ipatanwe kwa nafasi, si kwa kilo. Katoni ziwekwe juu ya mizigo mingine, zisikanyagwe wala kufungwa kwa kamba inayokata. Maua ya kitambaa yakilowa huchuja rangi na waya wa shina hushika kutu. Turubai ni lazima wakati wa mvua.

Anayeingia Kenya asifungashe upya maua katika mifuko myepesi ya plastiki. Mifuko ya kubebea na ile bapa ya kufungia ilipigwa marufuku nchini humo tangu 28 Agosti 2017. Maboksi na karatasi zinatosha. Aidha, baadhi ya miti bandia ina shina la mti halisi. Hiyo ionyeshwe mapema kwa wakaguzi wa afya ya mimea.

Mnunuzi anaangalia nini

Shina livutwe kidogo: jani linalochomoka dukani halitadumu nyumbani. Kitambaa cheupe chenye maji kikisuguliwa juu ya ua kisitoke na rangi. Mti mrefu uwe na chungu kizito. Ukiyumba, mafundi huongeza mchanga au saruji, ambayo Tororo haina shida nayo.

Mnunuzi aelezwe pia kwamba jua la barazani hupausha plastiki, kwamba vumbi la barabara hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kwamba mimea hii haikai karibu na mshumaa, taa ya mafuta wala jiko la makaa, kwa kuwa hushika moto upesi.