TABORA JAZZ NA NYANYEMBE: WALIIGA KONGO AU NI MDUNDO WA KINYAMWEZI?

Wadau wa zilipendwa wana ubishi mmoja usioisha. Ikipigwa Dada Asha ya Tabora Jazz ukumbini, lazima atokee mtu aseme, "Hii si ya kwetu bana, hii Kongo tupu, wamebadilisha lugha tu." Hajamaliza, mwingine kashadakia: "Kongo wapi? Huo mdundo wa Kinyamwezi huo!" Basi hapo watu wanasahau hata kucheza.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Tabora, mji wa bara kabisa, ulikuwa na bendi tatu kubwa. Kiko Kids ya Salum Zahoro ndiyo iliyotangulia, ikawa gumzo enzi zile Tanganyika inapata Uhuru 1961. Tabora Jazz wakaja na mtindo wao wa Segere Matata. Halafu Nyanyembe Jazz, wenye Rangi ya Chungwa, wimbo ambao hata mtoto aliyezaliwa 2000 anaufahamu kwa sababu babu yake hakuacha kuupiga. Hapo hujaweka Western Jazz na Saboso yao. Hao makazi yao yalikuwa Dar, lakini jina lilitoka Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora. Mji mmoja, vichwa vyote hivyo! (Na neno "Jazz" lisikuchanganye. Haikuwa jazz ya Wamarekani, ilikuwa ni kusema tu hii ni bendi ya dansi.)

Sasa Timu Kongo. Hawa wana hoja, wasidharauliwe. Sikiliza gitaa la solo linavyojibizana na gitaa la kati, wimbo unaanza taratibu, mashairi yanaisha, halafu magitaa yanachukua ukumbi. Hiyo ni njia ya rumba. Tena Shem Karenga, jina linalotajwa zaidi ukigusa Tabora Jazz, hakuanzia Tabora. Ni mtu wa Kigoma, alipitia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuhamia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kigoma ukisimama ufukweni, ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Asingesikia rumba angesikia nini?

Ila Timu Kongo huwa wanaishia njiani. Hao Wakongo nao walipata wapi? Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilikuwa ikileta Afrika santuri za Cuba, zile zenye herufi GV. Zikafika Leopoldville, zikafika Dar, zikafika kila mahali penye gramafoni. Vijana wa Kongo wakazishika na kuzigeuza rumba yao. Vijana wa Morogoro nao hawakuficha kitu, bendi wakaiita kabisa Cuban Marimba. Na huko Cuba muziki ule ulijengwa na Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka huko huko upande wa Kongo. Kwa hiyo ukisema Tabora "waliiga", useme pia waliiga mzigo uliokuwa unarudi nyumbani baada ya kuvuka bahari mara mbili.

Timu Kinyamwezi wao wanarudi nyuma zaidi, na hapa ndipo historia inanoga.

Karne moja kabla ya magitaa, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Mizigo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda Ujiji, na pembe za ndovu zikarudi pwani. Watumwa pia walipitishwa njia hiyo hiyo, hilo si la kurembwa. Wabebaji waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Mtu anabeba kama kilo 30 begani, miezi na miezi. Mbele anatembea kirangozi, ngoma inapigwa, mmoja anaanzisha na mstari mzima unaitikia. Wazungu waliopita njia hiyo, kama Burton aliyefika Tabora Novemba 1857, waliandika kuhusu nyimbo za wapagazi. Mmoja anaita, wengi wanaitikia. Sasa rudi kasikilize kiitikio cha Segere Matata.

Tena kabla ya bendi za magitaa kulikuwa na beni, ngoma iliyotoka pwani ikiigiza bendi za kijeshi, na timu zake za Marini na Arinoti zikatambiana mpaka Tabora. Kwa hiyo Nyanyembe na Tabora Jazz wanagombea mashabiki, mji tayari ulishazoea utani wa namna hiyo.

Kinachosahaulika na timu zote mbili ni hiki: Wakongo hawakufika Tabora kwa redio. Wamanyema, watu wa upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, walishafika na misafara ya karne ya 19 na wakaweka makazi Ujiji na Tabora. Reli ilipofika Tabora 1912, na Kigoma 1914, ilifuata nyayo zile zile. Na 1928 tawi likafika Mwanza. Mtu wa Tabora alikuwa anasikia Katanga, Unyamwezi na pwani kwenye mtaa mmoja, na vyote kwa Kiswahili. Ukimuuliza kipi cha kwake, atakushangaa. Nyanyembe wenyewe jina wamelitoa Unyanyembe, dola ya Isike aliyepigana na Wajerumani mpaka mwisho wake 1893. Hao si watu waliokuwa wanaona aibu ya kwao.

Ubishi wenye faida uko kwingine. Mashabiki wa roki duniani nao hubishana hivi hivi kuhusu Led Zeppelin na bluzi ya Wamarekani weusi. Lakini kule ubishi ulifika mahakamani. Wimbo wao Whole Lotta Love wa 1969 ulikuwa umechukua maneno ya Willie Dixon, mtunzi mweusi wa Chicago. Dixon akafungua kesi 1985, wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina lake limo kwenye wimbo. Jina likiwemo, pesa inajua njia.

Huku kwetu bendi za Tabora zilirekodi Redio Tanzania, na nyimbo zikabaki maktaba. Leo zimejaa mitandaoni, zimepakiwa na watu wasiowahi kupiga hata besi. Rangi ya Chungwa utakuta mtu anaapa ni ya Mbaraka Mwinshehe, kisa ina gitaa tamu. Mbaraka alikuwa mkali, hakuna anayekataa, ila alikuwa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Shem Karenga alifariki Desemba 2014, na bado kuna anayecheza Dada Asha akidhani mwimbaji ni Mkongo.

Kwa hiyo ukiipakia Rangi ya Chungwa kwenye ukurasa wako, andika Nyanyembe Jazz, Tabora. Maneno matatu tu.