Daftari za Mvua ya Tukuyu

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg hata majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalipoiteka mwezi wa Mei 1916, hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo kila serikali iliyokaa chini ya mlima Rungwe imekuwa na haja ya kujua kiasi chake, iwe kwa ajili ya chai au kwa ajili ya barabara.

Lugha ya daftari ilibadilika pamoja na dola. Mjerumani alihesabu kwa milimita. Mwingereza, aliyeunda Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki mwaka 1929, makao yake Nairobi, alihesabu kwa inchi, nayo inchi ni milimita 25.4. Karani aliyeikuta tarakimu 3 pasipo kipimo angeweza kuidhani gharika kuwa manyunyu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoirithi idara hiyo, ilipovunjika mwaka 1977, idara nayo ikagawanyika, kila nchi na yake.

Zilipokuja kompyuta, wataalamu wa Marekani wakabuni faili za kubeba tarakimu pamoja na maelezo yake: NetCDF mwaka 1989, HDF5 mwaka 1998. Rai njema hiyo. Lakini mara nyingine programu inayozisoma huanguka ghafla, na fundi mwenye hadhari huanza kwa kutazama kichwa cha faili chenyewe. NetCDF ya asili hufunguliwa na herufi CDF. HDF5 huwa na herufi HDF baada ya baiti ya kwanza. Zisipoonekana, huenda faili imeharibika au imepewa jina lisilo lake. Zikionekana, hulinganisha matoleo, maana programu iliyoundwa kwa toleo moja la maktaba ya HDF5, yaani msimbo wa kuzisoma faili hizo, ikikutanishwa na jingine, husimamishwa na maktaba yenyewe, kwa kusudi, isije ikafisidi data.

Mimi naliona anguko hilo kuwa ni ihsani. Tabu kubwa iko kwa programu isiyoanguka: siku zilizokosa kupimwa hujazwa −9999, na msomaji asiyeambiwa alama hiyo huijumlisha, hata wastani wa Aprili, mwezi wa masika makali Tukuyu, ukashuka chini ya sifuri. Hilo angalau humgutusha hata mwanafunzi. Inchi 3 zilizonakiliwa kuwa milimita 3 hazimgutushi mtu, nazo hupita salama katika kila toleo la kila maktaba.