Kompyuta zaongezeka nguvu, programu zazidi kuwa nzito

MVUVI wa Songo Songo, wilayani Kilwa, anaweza kupokea malipo ya pweza wake kwa simu ndogo ya vitufe, maarufu kama 'kitochi'. Wakati huohuo, kompyuta ya stesheneri ya Kilwa Masoko, yenye uwezo mkubwa mno kuliko simu hiyo, inaweza kukwama ikiwekewa programu mpya. Tofauti hiyo inatokana na uzito wa programu.

Mwaka 1965, Gordon Moore wa Marekani alibashiri kuwa idadi ya transista katika kipande kimoja cha silikoni ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha muda huo kuwa miaka miwili. Hata hivyo, mwaka 1995 Niklaus Wirth, mtaalamu wa Uswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alionya kuwa programu zinapoteza kasi haraka kuliko mashine zinavyoiongeza.

Windows ni mfano mmojawapo. Toleo la mwaka 1995 lilihitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 4. XP ya mwaka 2001 ilihitaji 64, na Vista ya mwaka 2007 ikahitaji 512. Windows 11 ya mwaka 2021 inahitaji gigabaiti 4, yaani takriban mara 1,000 ya ile ya mwaka 1995, ilhali barua ya ukurasa mmoja haijarefuka.

Si uzito wote usio na faida. Ulinzi dhidi ya wadukuzi, picha na video vina gharama yake. Lakini sehemu nyingine hutokana na watengenezaji kurundika vipengele visivyotumika, na kubeba mafungu makubwa ya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine ili kuokoa muda wao. Anayelipia ni mtumiaji.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mwenye kompyuta isiyotimiza masharti ya Windows 11 hushawishika kununua nyingine, ingawa ya zamani ingali inachapa barua. Njia mbadala ni kuweka toleo jepesi la Linux, ambalo hupatikana bila malipo.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, inaonyesha wepesi unavyowezekana. Mteja akipiga *150*00#, kazi yote hufanywa na mitambo ya kampuni. Simu huonyesha maandishi tu, yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja, wala hahitaji bando. Programu ya simu janja hutuma fedha zilezile, lakini hudai nafasi, intaneti na masasisho ya mara kwa mara.

Kwa shule, zahanati au duka la pwani ya Lindi, ni busara kujaribu kwanza programu nyepesi kabla ya kuitupa mashine inayofanya kazi.