Idadi ya kromosomu yafichua nasaba ya mbuni

Umbo la jani na ua si kigezo pekee cha kuipanga mimea katika jamii zake. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wa botania wamekuwa wakihesabu pia kromosomu, yaani nyuzi ndogo zilizomo katika kiini cha seli na ambazo hubeba jeni.

Ili kuzihesabu, mtaalamu huchukua ncha changa za mizizi, ambako seli hugawanyika kwa wingi, akazitia rangi na kuzitazama kwa hadubini. Kwa kawaida kila spishi huwa na idadi yake maalumu; nusu hutoka katika chavua na nusu katika kijiyai.

Mbuni ni mfano ulio wazi. Jenasi ya Coffea ina spishi zaidi ya 120, na takriban zote zina kromosomu 22, yaani seti mbili za 11. Robusta, inayolimwa Kagera na Uganda, imo katika kundi hilo. Arabika, inayostawi Kilimanjaro, Mbeya na nyanda za kati za Kenya, ina 44.

Tofauti hiyo iliashiria kuwa arabika ilitokana na kuongezeka maradufu kwa kromosomu. Baadaye uchunguzi wa DNA ulithibitisha kuwa ni chotara wa robusta na Coffea eugenioides, mbuni mwitu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Genetics ulikadiria kuwa uzao huo ulitokea miaka 610,000 hivi iliyopita.

Asili hiyo ina athari kwa mkulima. Arabika ilitengwa na ndugu zake kwa idadi ya kromosomu, nayo hujichavusha yenyewe. Hivyo ina tofauti chache za kijeni na hushambuliwa kwa urahisi na kutu ya majani, ugonjwa ulioangamiza kilimo cha kahawa huko Ceylon, sasa Sri Lanka, kuanzia mwaka 1869.

Robusta huuhimili ugonjwa huo vizuri zaidi, lakini kuichanganya na arabika si jambo jepesi. Mzao wake hupata kromosomu 33, idadi isiyogawanyika sawasawa wakati wa kuunda chavua na vijiyai, na aghalabu huwa tasa. Hali kama hiyo inaonekana kwa migomba mingi ya ndizi za kupika, ambayo pia ina kromosomu 33 na hupandwa kwa machipukizi kwa kuwa haitoi mbegu.

Katika miaka ya 1920, hata hivyo, chotara wa asili mwenye kromosomu 44 aligunduliwa katika kisiwa cha Timor. Kwa kuwa idadi yake ililingana na ya arabika, aliweza kuzalishwa nayo. Ukinzani wa nasaba hiyo umo katika mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985.

Pamoja na manufaa hayo, hesabu pekee haithibitishi undugu. Mgomba mwitu una kromosomu 22 sawa na robusta, ilhali mimea hiyo miwili iko mbalimbali kabisa kinasaba. Ndiyo maana wataalamu huilinganisha idadi hiyo na maumbile ya mmea pamoja na DNA kabla ya kuamua ni wa jamii gani.